Amri Ilitoka kwa Nani? Waandamanaji, Wanafunzi na Wasio na Makao Mbele ya Dola ya Kongo

Mhadhara uliotolewa Baraka, teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini



Mada ni ukandamizaji wa dola dhidi ya watu wa aina tatu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: wanaoandamana, wanaosoma, na wasio na makao. Kwa kawaida makundi haya huzungumzwa mbalimbali. La kwanza huachiwa wanasiasa, la pili wakuu wa vyuo, la tatu masista na mashirika ya misaada. Hapa yanawekwa pamoja, kwa sababu dola yenyewe imeyatendea kwa namna moja: humpa mtu jina jipya kwanza, ndipo humpiga. Mwandamanaji huitwa mvurugaji, mwanafunzi huitwa chombo cha mabeberu, mtoto wa barabarani huitwa jambazi, na mkulima wa milimani huitwa muasi. Jina hilo likishakubaliwa, hakuna anayeuliza amri ya kupiga ilitoka kwa nani. Shabaha ya mhadhara huu ni kulirudisha swali hilo mahali pake, na kuonyesha kwamba hapa Baraka, mwaka 2011, liliwahi kujibiwa.

Hoja ya kwanza: sheria ya nchi haina giza

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 25, inahakikisha uhuru wa kukutana kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 26 kinahakikisha uhuru wa kuandamana. Kwa maandamano ya barabarani, waandaaji wanatakiwa kuujulisha utawala husika kwa maandishi. Kujulisha kunatosha, hawatakiwi kuomba. Amri-sheria namba 196 ya 29 Januari 1999, iliyotolewa vita vikiwa vimepamba moto, iliuachia utawala nafasi ya kudai kibali kwa mikutano ya mahali pa umma. Katiba ililifunga dirisha hilo. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya 2006, mameya na magavana wameendelea kuzijibu barua za taarifa kama kwamba ni barua za maombi, na polisi wametumwa kutawanya mikusanyiko kwa sababu moja tu: haikuruhusiwa. Kijana aliyepeleka barua yake na kugongewa mhuri wa mapokezi ametimiza sheria yote. Anayevunja Katiba ni ofisa anayeiandika amri ya kumtawanya.

Kifungu cha 18 kinasema kuzuiliwa kwenye kasho kabla ya kufikishwa mbele ya sheria kusizidi saa 48. Kifungu cha 61 kinataja haki zisizoweza kuondolewa hata nchi ikiwa katika hali ya hatari: uhai, katazo la mateso, haki ya kujitetea na nyinginezo. Lakini kifungu kinachostahili kusomwa mara mbili ni cha 28. Kinasema hakuna mtu anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria, na kwamba kila mtumishi wa dola anaachiliwa wajibu wa kutii pale amri inapovunja waziwazi haki za binadamu na uhuru wa raia. Kisha kinaongeza mzigo: kuthibitisha kwamba amri haikuwa halali ni kazi ya yule aliyeikataa.

Mzigo huo ni mzito. Askari polisi asiyejua kusoma vizuri, ambaye mshahara wake huchelewa na ambaye mkubwa wake ana uwezo wa kumfunga, ndiye anayetakiwa kuthibitisha kosa la mkubwa huyo. Katiba imempa haki ya kukataa, ila haikumpa njia ya kukataa. Kwa hiyo amri hushuka ngazi hadi ngazi bila kizuizi, na kesi inapotokea, anayeshtakiwa ni aliyefyatua. Mei 2020 kijana mmoja wa vuguvugu la raia la LUCHA aliuawa kwa risasi mjini Beni wakati wa maandamano, na mahakama ya kijeshi ikamhukumu askari polisi mmoja haraka. Hukumu ile ilikuwa na maana yake, kwa sababu kesi nyingi hazifiki hata hapo. Lakini ilikomea kwenye kidole kilichovuta risasi.

Hoja ya pili: wanafunzi ndio waliotangulia kupigwa

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliingia katika mitaa ya Kinshasa wakidai posho bora na sauti katika uendeshaji wa chuo. Jeshi likawapiga risasi. Waliokufa walikuwa makumi, na miili haikurudishwa kwa familia ili izikwe kwa heshima. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka, Mobutu aliwaandikisha jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kizima, kisha mwaka huohuo akaunganisha vyuo vikuu vitatu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa chini ya mkono wa serikali. Adhabu ya kuomboleza ikawa gwanda, na adhabu ya gwanda ikafuatwa na adhabu ya chuo chenyewe.

Lubumbashi ilifuata. Mobutu alikuwa ametangaza tarehe 24 Aprili 1990 kwamba utawala wa chama kimoja umekwisha. Hazijapita wiki tatu, usiku wa kuamkia 12 Mei, watu wenye silaha waliofunika nyuso waliingia katika mabweni ya chuo, umeme ukiwa umekatwa, wakawakata na kuwachoma wanafunzi. Serikali ilikiri kifo kimoja tu; wanafunzi walionusurika walizungumza juu ya makumi. Ubelgiji ikadai uchunguzi wa kimataifa, Kinshasa ikakataa, na ushirikiano wa nchi hizo mbili ukavunjika. Gavana wa Shaba wa wakati ule alifikishwa mahakamani pamoja na wengine wachache. Aliyeamuru kutoka juu zaidi, kama alikuwapo, hakuwahi kuitwa. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa Lubumbashi inabishaniwa: pasipo kesi kamili hakuna orodha kamili.

Baada ya Mobutu mambo hayakubadilika kwa kiasi walichotarajia wengi. Novemba 2018 polisi walimpiga risasi mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kinshasa wakati wanafunzi walipolalamikia mgomo wa maprofesa. Januari 2020, fujo juu ya karo zilipozuka chuoni hapohapo, masomo yalisimamishwa na wanafunzi wakaamriwa kuhama mabwenini. Vijana waliotoka Bandundu, Kasai na Kivu, wasio na ndugu mjini, wakajikuta na mabegi yao barabarani. Inafaa kulikumbuka hilo, wasikilizaji, kwa sababu linaonyesha jinsi mtu anavyohama kutoka kundi moja kwenda jingine kwa amri ya siku moja: asubuhi ni mwanafunzi, jioni hana makao.

Na mwishoni mwa Aprili 2021, watoto wa shule za sekondari mjini Beni walikaa chini mbele ya ofisi ya meya kwa siku kadhaa, wakiwa na sare zao, wakimwomba Rais aje aone jinsi wazazi wao wanavyouawa. Polisi waliwaondoa kwa nguvu. Serikali ikatangaza hali ya hatari katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyoanza 6 Mei. Mahakama za kijeshi zikapewa mamlaka juu ya raia, na tarehe 1 Aprili 2022 wanaharakati 12 wa LUCHA walihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Beni kifungo cha miezi 12. Kosa lao lilikuwa kukaa chini, Novemba 2021, wakipinga kurefushwa kwa hali hiyohiyo ya hatari.

Hoja ya tatu: barabara, kanisa na risasi

Hapa maneno machache yatatosha, kwa kuwa wengi ukumbini wanayajua haya kwa macho au kwa redio. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa waliandamana wakitaka Kongamano la Kitaifa lifunguliwe tena. Jeshi likaua watu waliobeba misalaba na biblia. Januari 2015, mswada wa sheria ya uchaguzi ulipoonekana kuufunga uchaguzi na sensa isiyokuwa na mwisho, Kinshasa, Goma na Bukavu zilisimama. Serikali ilikata intaneti, na shirika la Human Rights Watch likahesabu angalau watu 43 waliouawa. Seneti ikakiondoa kipengele kile: waliokufa walikuwa wamesema jambo la kweli. Septemba 2016 Ofisi ya Pamoja ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Binadamu iliandika vifo vya angalau watu 53, wakiwamo polisi wanne. Desemba mwaka huohuo, muhula wa Rais Joseph Kabila ulipokwisha bila uchaguzi, vikaongezeka vifo 40. Kisha yakaja maandamano ya Wakatoliki ya 31 Desemba 2017, 21 Januari na 25 Februari 2018, ambapo moshi wa machozi ulirushwa ndani ya parokia wakati wa misa.

Vifo vya askari polisi wanne vimetajwa kwa makusudi. Umati nao huua, na familia ya askari aliyechomwa moto inalia kama familia nyingine. Anayedai haki ya kuandamana hana budi kulisema hilo bila kulazimishwa. Lakini dola ndiyo yenye silaha, yenye mafunzo na yenye kiapo, na ndiyo inayochagua kutuma Walinzi wa Jamhuri, kikosi cha kumlinda Rais, kwenda kutuliza watu waliobeba matawi ya miti.

Goma, 30 Agosti 2023, uamuzi wa namna hiyo ulionekana kwa ukamilifu wake. Waumini wa dhehebu moja walijiandaa kuandamana dhidi ya majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kabla hawajatoka, kikosi cha Walinzi wa Jamhuri kiliwavamia alfajiri, na zaidi ya watu 50 wakafa. Picha za miili ikitupwa juu ya lori zilienea nchi nzima. Safari hii kesi ilifunguliwa ndani ya siku chache, na Oktoba 2 Kanali Mike Mikombe akahukumiwa kifo. Mhadhara huu hauungi mkono adhabu ya kifo kwa mtu yeyote. Unachokitazama ni cheo: aliyehukumiwa alikuwa kamanda.

Kwetu pia risasi imefika. Julai 2022, hasira dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, iliposhuka kutoka Goma na Butembo hadi Uvira, watu wanne walikufa kwa umeme mbele ya kambi ya kikosi hicho, baada ya waya uliokatwa na risasi za onyo kuwaangukia. Waliopiga hawakulenga watu. Lakini aliyeamuru kupiga juu katika mtaa wenye nyaya za umeme alipaswa kuulizwa alikuwa anatazama wapi.

Hoja ya nne: asiye na makao ni raia mwenye mashahidi wachache

Kundi hili ndilo linalopita kimya, na ndilo linalohitaji maelezo marefu zaidi. Mwandamanaji akipigwa, wenzake wapo, simu zipo, kesho redio itasema. Mwanafunzi ana chuo na ana wazazi. Lakini mtoto anayelala sokoni, anayeitwa maibobo huku Kivu na shege kule Kinshasa, akitoweka usiku, nani atakwenda kuuliza?

Mzizi wa jambo hili ni wa kikoloni. Tangu enzi ya Leopold ziliwekwa sheria za uzururaji na kuombaomba, ili mtu asiye na kazi wala makao yanayojulikana akamatwe na kuwekwa chini ya serikali, mikono yake ipatikane kwa kazi. Wakoloni waliondoka, mantiki ikabaki: umaskini wenyewe ni ushahidi wa kosa. Mnamo 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Na hapa kwetu sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamtambua mtoto aliyeachwa au anayeombaomba kuwa mtu anayestahili ulinzi maalumu. Haimhesabu kuwa mhalifu.

Pamoja na hayo, tarehe 15 Novemba 2013 polisi wa Kinshasa walianzisha Operesheni Likofi dhidi ya magenge ya vijana yanayoitwa kuluna. Kuluna si hadithi. Watu wa Kinshasa walikuwa wamechoka kukatwa mapanga, na wengi waliishangilia operesheni mwanzoni. Lakini polisi waliofunika nyuso, bila hati ya kukamata, waliwatoa vijana majumbani na masokoni na kuwapiga risasi, wengine mbele ya mama zao. Human Rights Watch iliandika majina na mazingira ya angalau vijana na wanaume 51 waliouawa na 33 waliotoweka, baadhi yao watoto wa barabarani wasiohusika na genge lolote. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ilipotoa ripoti yake Oktoba 2014, serikali ilimfukuza nchini mkurugenzi wake, Scott Campbell. Ofisa aliyetajwa katika ripoti hizo kuwa kiongozi wa operesheni, Célestin Kanyama, aliendelea kuwa mkuu wa polisi wa jiji.

Halafu likaja kaburi la Maluku. Usiku mmoja wa Machi 2015 miili 421 ilizikwa katika shimo moja kwenye makaburi ya Fula-Fula, nje ya Kinshasa. Wakazi wa jirani walisikia harufu, wakauliza. Serikali ikajibu kwamba ni mafukara, miili isiyodaiwa na watoto waliozaliwa wafu, waliotolewa katika nyumba ya maiti. Familia za waliotoweka katika Likofi na katika maandamano ya Januari ziliomba kaburi lifukuliwe. Halikufukuliwa.

Msikilizaji asimame hapa kidogo. Huenda maelezo ya serikali yalikuwa ya kweli kwa sehemu kubwa ya miili ile. Lakini neno fukara lilitumika kufunga swali, na lilitosha: ikishasemwa kwamba waliozikwa hawakuwa na mtu, hakuna aliyebaki na haki ya kuulizia. Hivyo mwandamanaji aliyetoweka na ombaomba aliyekufa kwa njaa wakafunikwa na udongo mmoja, na asiyemjali wa pili akajikuta hawezi kumtafuta wa kwanza. Hii ndiyo sababu ya kuyaweka makundi haya matatu katika mhadhara mmoja. Dola ikiruhusiwa kumuua asiye na makao bila kuandika jina lake, imepata mahali pa kumficha yeyote.

Na sera hiyo haijaisha. Machi 2024 serikali ilirudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo uliokuwa umesimamishwa tangu 2003, na mwishoni mwa mwaka huohuo misako mipya dhidi ya kuluna ikapeleka mamia ya vijana katika magereza ya mbali, Angenga likiwa mojawapo.

Kwa Kivu ya Kusini, asiye na makao mara nyingi ni mkimbizi. Tarehe 15 Septemba 2017, Kamanyola, wakimbizi wa Burundi walikusanyika kudai wenzao waliokamatwa na idara ya usalama. Wanajeshi na polisi wakawapiga risasi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa waandamanaji na wasio na makao kwa wakati mmoja, na wageni juu yake. Waliobaki wengi wao walivuka kwenda Rwanda Machi 2018. Fizi ina kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa 2015 kwa Warundi, na teritwari yenyewe imejaa raia wa Kongo waliokimbia vijiji vyao wakalala makanisani, madarasani na kwa ndugu. Wazee wa hapa hawahitaji kuelezwa maana yake: ni wao waliovuka Tanganyika mwaka 1996 kwenda Nyarugusu, na ni wao au watoto wao walioshuka melini Baraka kuanzia 2005, wakirudi mahali ambapo nyumba ilikuwa kichaka.

Hoja ya tano: Fizi ilipewa jina mapema, na Fizi ilijibu

Uasi wa 1964 ulipita hapa, na Baraka ikachukuliwa tena na mamluki na jeshi la serikali mwaka 1965. Laurent-Désiré Kabila akaanzisha chama cha PRP mwaka 1967 na kushika maskani ya Hewa Bora milimani kwa karibu miaka 20. Kwa Kinshasa, kila Mbembe aliyelima mlimani akawa muasi mpaka athibitishe vinginevyo, na kuthibitisha ilikuwa vigumu. Katika vita vilivyofuata jina hilo lilirithiwa na kila jeshi lililopita. Kati ya 30 Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 mamia ya watu waliuawa Makobola na majeshi ya waasi wa RCD na washirika wao. Banyamulenge nao wamepewa majina yao, wameuawa na kuchomewa vijiji kwa majina hayo, na mhadhara unaotaja msiba wa mmoja na kuficha wa mwingine haufai kuchapishwa. Mwaka 2020, juu ya komini ya Minembwe, vijana wa pande zote mbili waliandamana, na kila upande uliamini kwamba risasi ikitumwa itatumwa kwake.

Sasa Januari 2011. Mjini Fizi askari mmoja wa FARDC, jeshi la taifa, aliuawa na wananchi kufuatia ugomvi. Usiku wa mwaka mpya kikosi chake kiliingia mtaani kulipiza: nyumba zilivunjwa, maduka yakaporwa, watu wakapigwa, na wanawake wengi wakabakwa. Kosa la wachache lilitozwa mji mzima, na aliyekuwa juu ya kikosi alikuwa Luteni Kanali Kibibi Mutware.

Kilichofuata ndicho kisichokuwa cha kawaida. Ndani ya wiki sita mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilihamia Baraka na kuketi hapa, katika mji huu, kuanzia 10 Februari. Wanawake 49 walitoa ushahidi, wengine nyuma ya pazia na nyuso zimefunikwa. Walitoka Fizi kwa barabara wanayoijua. Tarehe 21 Februari Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, pamoja na maofisa wengine watatu. Askari watano walipata vifungo vifupi zaidi, mmoja akaachiliwa, na mmoja aliyekuwa mtoto akapelekwa mahakama ya watoto.

Kwa nini iliwezekana hapa, ikashindikana Lubumbashi, Maluku na Kamanyola? Sababu tatu zinaonekana. Mahakama ilikwenda kwa mashahidi, badala ya mashahidi kutakiwa kwenda Bukavu kwa nauli wasiyokuwa nayo. Waathirika walipata matibabu mapema, na hati za daktari zikawa ushahidi. Na mwendesha mashtaka hakuanza na askari wa chini. Alianza na swali la nani alikuwa na amri juu yao. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyohitaji sheria mpya.

Mipaka ya kesi hiyo isifichwe. Fidia iliyoamriwa iliwapita wanawake wale kwa miaka mingi. Na Juni 2011, kabla wino wa hukumu haujakauka, taarifa za ubakaji wa halaiki zilitoka Nyakiele, katika teritwari hiihii, zikiwahusu askari walioasi kutoka kituo chao cha mafunzo. Mahakama haikuhamia Nyakiele.

Kuhusu yaliyo mbele

MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu ya Kusini katikati ya 2024, na Baraka ilikuwa miongoni mwa kambi zake. Kwa hiyo wale waliokuwa wakiandika matukio na kuwasafirisha mahakimu hawapo. Februari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Bukavu, na mahakama iliyokuja hapa mwaka 2011 ikapoteza kiti chake. Katika miji inayoshikwa na kundi hilo, kukamata wanaoandika na wanaolalamika kumeanza upya chini ya bendera nyingine.

Hata hivyo vyombo vingine vimeongezeka. Sheria namba 23/027 ya 15 Juni 2023 inamlinda mtetezi wa haki za binadamu na kumpa wajibu wake. Sheria ya 26 Desemba 2022 imeweka mfuko wa kitaifa wa fidia kwa waathirika wa ukatili wa kingono na uhalifu wa kivita, na wanawake wa Fizi wanastahili kuwa katika kurasa za kwanza za orodha yake. Kongo iliridhia Mkataba wa Roma tarehe 11 Aprili 2002, na uhalifu dhidi ya ubinadamu haufi kwa kupita miaka.

Mambo manne yako ndani ya uwezo wa waliomo ukumbini. Vituo vya afya viandike kila jeraha kwa tarehe, mahali na kikosi kilichotajwa, na nakala ihifadhiwe nje ya kituo. Parokia, misikiti na machifu washike daftari la wasio na makao wanaoingia katika mitaa yao, maibobo na wakimbizi pia, ili akitoweka mtu ajulikane alikuwa nani. Waandaaji wa maandamano watunze barua yao iliyogongwa mhuri na kuandika jina la ofisa aliyeipokea. Na polisi wafundishwe kifungu cha 28 kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha wanayopokelea amri.

Wanafunzi wa sheria na wa ualimu wanaweza kuanza na Nyakiele. Walioona bado wanaishi katika teritwari hii, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mwenye kalamu ya mahakama ni nani aliyekuwa akitoa amri.